1977, 2002, 2021: tuufuate mwaka gani volkano ikiamka tena?

Kila mara udongo unapotetemeka hapa Goma, wakaaji hawaanzi kwa kuuliza vipimo vya mashine. Wanauliza: "Ni kama ya 2002?" Swali hili nimelisikia sokoni Birere, kwenye foleni ya maji, na hata kwa familia zilizokimbia vita kutoka Rutshuru na Masisi, ambazo mwaka ule hazikuwa hapa. Familia hizo hutuuliza sisi wa redio kwa sababu hazina kumbukumbu ya kuegemea. Kwa hiyo leo turudi nyuma kidogo, kwa ajili yao na kwa ajili yetu pia.

Tarehe 10 Januari 1977, ndani ya shimo la Nyiragongo, mlima wenye urefu wa mita 3,470 hivi, ziwa la moto lilikuwa limepanda juu sana. Ubavu wa mlima ukapasuka na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Wataalamu wanakadiria kwamba penye mteremko mkali lava ilikimbia kilomita 60 kwa saa. Hesabu ya waliokufa vijijini inatofautiana: wengine wanasema 70 hivi, wengine wanasema mamia. Wazee wa chini ya mlima walibaki na fundisho moja: lava hukimbia, usiingoje.

Tarehe 17 Januari 2002 mambo yakawa tofauti. Siku kadhaa kabla, mtaalamu Mkongomani Dieudonné Wafula alikuwa amewaandikia wenzake wa nje kuhusu dalili alizoziona. Mlima ulipasuka asubuhi, lava ikafika mjini baadaye mchana, ikaukata mji vipande viwili mpaka ziwani. Ilifunika karibu asilimia 13 ya mji, kipande cha uwanja wa ndege na kanisa kuu la Katoliki. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tulivuka barieri kwenda Gisenyi kwa miguu, mama akiwa na godoro kichwani. Mjini lava ilitembea polepole, na watu wengi waliweza kuikwepa. Waliokufa walizidi 100, na wengi kati yao waliuawa na mlipuko wa stesheni ya mafuta baada ya lava kupita. Watu wa mjini nao wakabaki na fundisho lao: lava hutembea, una muda wa kufunga mzigo.

Kwa hiyo mlima ni ule ule, lakini mafundisho mawili yanapingana.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu. Hakukuwa na onyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulieleza kwamba mashine zilianza kuonyesha mabadiliko dakika 40 hivi tu kabla. Aliyengoja dalili za siku nyingi kama za 2002 hakuziona. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 15 waliokufa, na 9 kati yao walikufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia. Siku zilizofuata, wengine walikufa kwa gesi walipovuka lava iliyoonekana imepoa. Hesabu ikafika 30 na kidogo.

Kisha likaja jambo gumu zaidi. Udongo ulitetemeka mamia ya mara, na magma ilikuwa imepita chini ya mji kuelekea ziwani. Safari hii watu walikumbuka mfano wa mbali: ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa gesi mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa Kivu nalo lina gesi nyingi sana chini kabisa. Kuna waliojibu: "Mwaka 2002 lava iliingia ziwani na hakuna kilichotokea." Ni kweli, lakini lava ile iliingia kutoka juu, na gesi nyingi iko chini. Hii ya 2021 ilipita chini ya udongo. Mifano hiyo miwili inafanana kwa jina tu.

Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru kartiye kumi zihame. Watu wapatao 400,000 walikwenda Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Sake maji hayakutosha, na hofu ya kipindupindu ikaenea. Mlipuko wa pili haukutokea, na Juni watu wakaanza kurudishwa. Mpaka leo wapo wanaosema walidanganywa. Mimi naona tuupime uamuzi ule kwa yaliyojulikana siku ile. Hatari kutotokea si ushahidi kwamba haikuwapo. Lakini anayewahamisha watu kwa sababu ya "huenda" ana deni la kuwatayarishia maji, na deni lile halikulipwa vizuri.

Tatizo la pili liko kwenye maneno. Rangi za onyo ni nne: kijani, manjano, machungwa na nyekundu. Manjano inasema "kuwa macho". Mtu afanye nini hasa? Alale na viatu? Na "karibu na lava" ni mita ngapi? Anayekaa Himbi na anayekaa Kanyaruchinya hawalisikii neno "karibu" kwa namna moja. Mamlaka ikisema "hatari kidogo", tuiulize: kwa nani, wapi, mpaka lini?

Ndugu zangu mliokuja juzi na kujenga vibanda juu ya mawe meusi: mawe hayo ni kumbukumbu ya mlima. Mtu akikuambia "itakuwa kama 2002", muulize maswali matatu. Mwaka ule lava ilipasukia wapi, na sasa wewe uko wapi? Ilikuja kwa mwendo gani? Ni nini kilichoua watu: moto, gesi, barabara au mafuta? Ukipata majibu, mfano wa zamani utakusaidia. Ukikosa, usiutegemee. Wachukue watoto, ondoka kwenye njia ya mteremko, usivuke lava iliyopoa, na usikae bondeni penye mazuku.

Familia ikubaliane leo mahali pa kukutana. Usiku ule wa 2021 wazazi wengi walipotezana na watoto wao gizani.