Kilatini Kilichoondoka na Sisi Tulioondoka



Kamati ya jubilei ilipotupigia simu na kutuomba tuandike kurasa hizi, tulidhani wamekosea namba. Sisi ni wanakwaya wa zamani. Majina yetu yamo katika madaftari ya kwanza ya mahudhurio, kisha yanakoma. Baadhi yetu tulikwenda mjini kutafuta kazi, na Jumapili ikawa siku ya kufua nguo na kulala. Wengine tuliingia katika ndoa zisizobarikiwa, tukachoka kubaki kwenye benchi wenzetu wakienda kukomunika. Wengine tulikwaruzana kwa jambo ambalo leo hatulikumbuki vizuri, tukasema tutapumzika mwezi mmoja, na mwezi ukazaa miaka ishirini. Wazee wa jumuiya wana neno kwa watu kama sisi: waliolegea. Hatulikatai.

Kamati ilikuwa na sababu yake. Katika Misa ya jubilei hii ya miaka 60, kwaya imeamua kuimba Kyrie na Sanctus kwa Kilatini, kama zilivyoimbwa katika kanisa hili kabla kwaya haijapata jina. Wanaozikumbuka kwa kichwa ni wachache, na baadhi yao ni sisi. Tukaja kufundisha. Zoezi la kwanza lilipokwisha, tulikuta macho yetu yamelowa, na vijana wakatutazama kwa mshangao. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: mtu ambaye hajaungama kwa miaka mingi analilia nini katika wimbo wa Kilatini? Ili kujibu, ilitubidi tuanze na historia.

KILATINI KILIVYOTUFIKIA

Imani ilifika kwetu pamoja na Kilatini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1899 wakaanza St. Austin's pale Nairobi. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Wale wa Mill Hill walianza Kisumu mwaka 1903. Mmoja alikuwa Mfaransa, mwingine Mwitalia, mwingine Mwingereza au Mholanzi, lakini kitabu chao cha altare kilikuwa kimoja, kile kilichotolewa na Papa Pius wa Tano mwaka 1570 baada ya Mtaguso wa Trento, pamoja na marekebisho madogo yaliyofuata. Mkristo wa Taita na Mkristo wa Kakamega, ambao wasingeelewana sokoni, walijibu maneno yale yale kanisani.

Mahubiri na katekisimu vilitolewa kwa lugha za watu, lakini Misa yenyewe ilikuwa Kilatini. Padre aliielekea altare, nasi tuliuona mgongo wake. Sehemu nyingine alizisema kwa sauti ya chini mno. Akina mama walisali rozari huku Misa ikiendelea, na kengele ndiyo iliyowaambia wakati wa kuinua macho.

Tulifundishwa na katekista. Kwa Kilatini kizuri cha vitabuni hakuwa msomi, lakini sikio lake lilikuwa kali. Alitwambia tusiogope, kwa kuwa a, e, i, o, u za Kilatini cha Kanisa ni zile zile za Kiswahili, na kwa hilo hakukosea. Noti za mraba kwenye mistari minne hatukuzisoma sisi. Alizigeuza kuwa tonik solfa ubaoni, nasi tukazishika kwa kurudia. Alikuwepo mama mmoja asiyejua kusoma hata jina lake, na aliimba Nasadiki nzima ya Kilatini mwanzo hadi mwisho bila kuyumba. Ukimwuliza maana yake, alijibu kwamba Mungu anaelewa.

Jibu hilo tumelitafakari sana. Kuna imani kubwa ndani yake. Lakini kuna pia ukuta: mama yule aliishi na kufa bila kuambiwa maneno aliyoyatoa kinywani kila Jumapili yalisema nini. Anayetamani siku zile arudi nazo zote, mazuri yake pamoja na ukuta wake.

KILIVYOONDOKA

Tarehe 4 Desemba 1963, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha Katiba ya Liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Siku nane baadaye, tarehe 12, Kenya ilipandisha bendera yake. Kwa sisi tuliokuwa watoto, mambo hayo mawili yalikuja kama jambo moja: tulipata nchi, na mara tukaanza kupata Misa katika lugha yetu.

Watu wengi husema Mtaguso ulikifukuza Kilatini. Sivyo ulivyoandika. Katiba ile iliagiza Kilatini kiendelee kutunzwa, ikauheshimu wimbo wa Kigregori na kuupa nafasi ya kwanza, na papo hapo ikafungua mlango kwa lugha za watu. Ilisema pia kwamba muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima unayostahili. Mlango ulipofunguliwa, watu walipita wote kwa pamoja. Tarehe 7 Machi 1965 Papa Paulo wa Sita aliadhimisha Misa kwa Kiitaliano katika parokia moja ya Roma. Utaratibu mpya wa Misa ulitolewa mwaka 1969 na ukaanza kutumika Majilio ya mwaka huo. Kati ya matukio hayo, mwezi Julai 1969, Papa huyo huyo alifika Kampala na kuwaambia Waafrika kwamba wanaweza kuwa na Ukristo wa Kiafrika, na kwamba ni wajibu wao.

Kwaya yetu ilizaliwa katika miaka hiyo, Kilatini kikiaga. Tusiifiche furaha yake. Siku tuliposikia Bwana utuhurumie kwa mara ya kwanza badala ya Kyrie, wazee walinyamaza, kisha wakaitikia kwa nguvu iliyotushtua. Walikuwa wameelewa. Baadaye kayamba iliingia, kisha ngoma, ingawa ngoma ilibishaniwa miezi kadhaa kwa sababu wengine waliiona ni ya wapagani. Wimbo uliotungwa na kijana wa kijiji jirani uliimbwa altareni. Hatukumlilia yeyote.

Wala haikuwa lazima kuchagua kati ya Kilatini na ngoma. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na kwaya ya wavulana wa Kikongo, walitoa Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, sauti na ngoma ni za Kongo. Kwetu nafasi hiyo ilipita. Karatasi za Kilatini ziliwekwa kwenye sanduku, panya wakafanya kazi yao.

KILIVYORUDI

Wa kwanza kulalamika kwa sauti iliyosikika hawakuwa wote Wakatoliki. Mwezi Julai 1971, waandishi na wasanii waliokuwa Uingereza walichapisha barua katika gazeti la The Times wakiomba Misa ya zamani isizimwe. Walikuwemo Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, ambaye alikuwa Mwanglikana, na Yehudi Menuhin, mpiga fidla aliyekuwa Myahudi. Mwezi Novemba mwaka huo Papa Paulo wa Sita alitoa ruhusa kwa Uingereza na Wales. Tulipoisoma habari hiyo tulijisikia tumepata ndugu: watu wa nje ya mlango, wanaoupenda wimbo wa ndani.

Lakini Kilatini kilirudi pia kwa njia ya ugomvi. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre alikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililoleta imani pwani yetu. Alikuwa mmisionari Gabon na Askofu Mkuu wa Dakar, na tangu 1962 hadi 1968 aliliongoza shirika lake zima. Alikataa mageuzi mengi ya Mtaguso, akaanzisha Shirika la Mtakatifu Pius wa Kumi mwaka 1970, na mwaka 1988 akawaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa. Adhabu ya kutengwa na Kanisa ikafuata. Mwaka huo huo Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaomba maaskofu wawe wakarimu kwa waumini walioipenda Misa ya zamani na kutaka kubaki na Roma. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa 16 alipanua sana ruhusa hiyo kwa padre yeyote. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliibana tena na kuirudisha mikononi mwa maaskofu, akihofia kwamba ilikuwa ikitumiwa kuligawa Kanisa.

Hapa tunahitaji kusema wazi ili mtu asitushike vibaya. Misa ya zamani ni jambo moja, na Kilatini ni jambo jingine. Kuimba Kyrie ya Kilatini ndani ya Misa yetu ya kawaida ya Kiswahili hakuhitaji kibali cha Roma. Kwaya haijajiunga na upande wowote.

SISI TULIKUWA WAPI?

Tumesema tulilia. Tulipochunguzana wenyewe kwa wenyewe baada ya zoezi, majibu hayakuwa ya kujivunia.

Kwanza, wengi wetu tulikuwa watoto wadogo Kilatini kilipoondoka. Tunakikumbuka kwa kimo cha mtoto, yaani moshi wa ubani, mkono wa nyanya begani, na baba aliyekuwa mkali nyumbani akipiga magoti kama mtoto. Sasa nyanya hayupo, na baba hayupo. Kyrie ilipoanza, wao ndio walioingia mlangoni.

Pili, tuligundua kwamba tumekuwa tukitumia Kilatini kama kisingizio. Tukiulizwa kwa nini hatuji kanisani, tumewahi kusema kwamba Misa ya siku hizi ina kelele, vipaza sauti vinaumiza masikio, matangazo ni marefu kuliko mahubiri, kwamba zamani kulikuwa na utulivu. Mengine katika hayo ni kweli. Lakini hatukuondoka kwa sababu ya kelele. Tuliondoka kwa sababu zetu, na Kilatini hakikuwa kimetudai chochote wakati huo. Kukipenda kitu ambacho hakipo ni rahisi, kwa kuwa hakiwezi kukuuliza ulikuwa wapi Jumapili iliyopita.

Tatu, na hili ndilo lililotuuma. Wakati sisi tukihuzunika mjini, kuna watu waliobaki hapa. Waliimba Kiswahili Jumapili baada ya Jumapili, mvua ikinyesha kwenye bati hadi sauti ya nne isisikike. Walituzikia wazazi wetu. Mama yule wa Nasadiki alipofariki, sisi tulitwa mchango kwa simu, wao wakakesha. Waliimba kwa lugha aliyoielewa. Kama kuna aliyetunza imani ambayo Kilatini kilituletea, ni wao, bila Kilatini.

Msichana wa sauti ya kwanza, wa kidato cha tatu, alitusaidia bila kujua. Katika zoezi la pili aliinua mkono akauliza Kyrie maana yake nini. Mwalimu wa kwaya akaeleza, na akaongeza jambo ambalo sisi wazee hatukulijua: maneno yale si Kilatini hata kidogo, ni Kigiriki. Wakristo wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki. Kilatini kiliingia baadaye kwa sababu kilikuwa lugha ya watu wa kawaida, na katika karne ya nne kikashika nafasi. Hata hivyo maneno machache ya Kigiriki yamo ndani ya Misa ya Kilatini, kama jiwe la mfia ya babu ndani ya nyumba mpya.

Msichana akasema, "Kwa hiyo hata Kilatini kilikuwa Kiswahili chao."

Hatukuwa na la kuongeza. Wale Warumi walibadilisha lugha ili mama asiyejua kusoma aelewe, na ndani ya Misa yao yakawemo pia maneno ya lugha ya waliowatangulia. Kwaya yetu imefanya la kwanza kwa miaka 60. Katika jubilei hii inajaribu la pili.

TUNACHOOMBA

Hatuandiki kurasa hizi kuomba Misa ya 1962 irudi katika parokia hii. Hatuna haki hiyo, na hatuna hakika kwamba tungeamka mapema kuihudhuria. Tunajua sasa kwamba hamu si imani. Mtu anaweza kulia kwa wimbo akaenda zake alivyokuja.

Lakini hamu imetufikisha mlangoni, na hilo si dogo. Wawili kati yetu wamekwisha kumwona padre kwa kitubio. Mmoja ameanza mazungumzo kuhusu ndoa yake. Wengine bado tunasitasita, nasi hatutaki kujipamba hapa kwa toba ambayo hatujaifanya.

Siku ya jubilei tutasimama nyuma ya sauti ya nne. Tutaimba Kyrie kwa sababu tunaikumbuka, kisha mtakapofika kwenye Nasadiki ya Kiswahili, ambayo baadhi yetu tumeisahau katikati, tunawaomba mtuimbie kwa sauti kidogo, tuwafuate.

Kwa waliobaki: asanteni kwa kutunza nafasi. Hongera kwaya, miaka 60!