Baraza: Safari ya Neno Kutoka Pwani Hadi Masisi na Walikale

Neno baraza, ambalo katika Kivu ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Kongo wenye maeneo ya Masisi na Walikale, huandikwa pia barza, lilitumika kwanza pwani. Katika miji kama Lamu na Zanzibar lilikuwa jina la benchi la mawe na chokaa lililojengwa kando ya mlango, ambapo wanaume hukaa jioni wakinywa kahawa na kucheza bao. Na kwa kuwa mwenye nyumba aliwapokea wageni hapo bila kuwaingiza ndani, jina la mahali likahamia kwenye mazungumzo yenyewe. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, naye alikuwa na baraza lake, yaani kikao cha kupokea salamu na kusikiliza mashauri.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara, ikiwemo ya mfanyabiashara Tippu Tip wa Zanzibar, ilikieneza Kiswahili hadi Nyangwe na Kasongo, katika Maniema inayopakana na Walikale. Kifaransa cha Kongo kikalichukua neno kwa maana ya veranda tu. Kenya nako, wakoloni Waingereza walilifanya kuwa mkutano wa chifu au mkuu wa wilaya, ambapo raia waliitwa zaidi kupewa amri kuliko kujibizana. Desturi hiyo haikwisha na uhuru: Rais Moi, katika sherehe za taifa, alizoea kusoma hotuba ya Kiingereza iliyoandikwa, kisha kuiweka kando na kusema kwa Kiswahili papo kwa papo, na wasikilizaji wengi walijua kwamba uzito ulikuwa katika sehemu hii ya pili.

Masisi na Walikale neno lilibeba mzigo mzito zaidi. Baada ya mauaji ya kikabila yaliyoanzia Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakaenea Masisi, mwaka 1998 iliundwa Barza ya jamii mbalimbali, iliyowakalisha pamoja wazee wa Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Wanande na wengineo. Katika kikao cha namna hiyo anayetaka kusema huomba neno, akipewa husimama na kueleza shauri lake bila karatasi, naye mzee wa upande wa pili humjibu hapohapo, mbele ya mashahidi. Barza haikuwa mahakama, wala haikuwa na askari wa kutekeleza maamuzi. Nguvu yake yote ilikuwa kauli ya wazee walioaminiwa na watu wao, na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2006 zilipowagawa wazee hao, ikadhoofika.