Machi 1975, Vilimani Ngong

Ukisimama Kiserian, vilima vya Ngong viko hapo juu yako. Ndiko mchungaji Mmaasai alikokuta maiti ya J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Machi 1975.

Mara ya mwisho Kariuki alionekana akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi, na Ben Gethi, kamanda wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. Kamati ya Bunge iliyochunguza mauaji hayo, chini ya Elijah Mwangale, ilitaka wakubwa wa usalama wachunguzwe. Hakuna aliyehukumiwa, na uchungu ungalipo.

Enzi hiyo ujasusi ulikuwa wa Special Branch, kitengo cha polisi kilichoongozwa na James Kanyotu. Waliopeleleza ndio waliokamata; hatari ilikuwa hapo. Sheria ya 1998 ikaunda idara ya ujasusi ya NSIS, nje ya polisi. Tangu 2012 inaitwa NIS, na mkurugenzi wake huhojiwa na wabunge kabla ya kuteuliwa rasmi, kama Noordin Haji mwaka 2023.