Chumbe: pwani iliyofungwa

Sisi tukaao Lubumbashi, mbali na bahari, huenda tukasahau kwamba neno pwani limetokana na kitenzi kupwa. Ni mahali ambapo maji hutoka na kurejea. Si bara, wala si bahari. Mahali pa namna hiyo huharibika upesi penye nyayo nyingi.

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini-magharibi ya mji wa Unguja. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904. Baadaye, kwa muda mrefu, wavuvi walizuiwa kukikaribia kwa sababu ya kambi ya jeshi iliyokuwa ng'ambo yake. Hivyo matumbawe ya upande wa magharibi yalisalimika, ingawa hakuna aliyekusudia kuyahifadhi.

Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatangaza matumbawe hayo, pamoja na msitu wa kisiwa, kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni ya binafsi. Nyumba za wageni zilijengwa saba tu, zenye kutumia maji ya mvua na umeme wa jua. Waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi, nao hawabebi silaha.

Hata hivyo, mvuvi hakatazwi jambo dogo: hawezi kutupa wavu pale anapoogelea mgeni aliyelipa. Huambiwa kwamba samaki wanaozaliana humo watavuka mpaka na kumfikia. Ni kweli, lakini jibu hilo halijazi kikapu chake leo jioni. Kwa upande mwingine, fedha za wageni hao ndizo zinazowapeleka wanafunzi wa Unguja kuyaona matumbawe ya kwao.