Chumvi, Viungo na Nyama ya Kikaango

Wasikilizaji wetu, wako watu wadhanio ya kuwa kuunga nyama ni elimu iliyoletwa na wageni. Sivyo. Kiungo cha kwanza cha nyama ni chumvi, na wazee wetu wa bara waliijua karne nyingi kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Tutazame Uvinza, upande wa mashariki ya Ujiji, karibu na mto Malagarasi. Huko ziko chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu Sutton na Roberts walichimba mahali pale, wakaona dalili za kuwa chumvi ilipikwa huko yapata miaka 1,500 iliyopita. Wakati wa kiangazi watu waliteka maji yale, wakayatia vyunguni na kuyachemsha hata yakakauka, ikabaki chumvi. Wengi walitoka mbali kwa miguu kuifuata, na watawala wa Uvinza waliitoza ushuru. Chumvi ile ilikuwa kuni, jasho na safari. Hapana aliyeimwaga ovyo.

Viungo vingine vilikuja kwa bahari. Pilipili manga yatoka Malabar katika Bara Hindi, lakini twaiita ya Manga, yaani ya Uarabuni, kwa sababu ya wafanya biashara walioileta. Pilipili kali asili yake ni Amerika. Haikujulikana huku kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Karafuu nayo ni mgeni kutoka visiwa vya Maluku, ikaenea Unguja katika karne ya 19.

Basi vitu vilivyopatikana kwa taabu hivi yafaa vitumiwe kwa akili. Nyama hainunuliwi kila siku katika nyumba nyingi, na kuiharibu kikaangoni ni hasara.

Chumvi huvuta maji ya nyama. Ukiitia, ukangoja dakika kumi, nyama hulowa. Ukiikaanga hivyo, itachemka katika maji yake wala haitageuka rangi vizuri. Kwa hiyo itie chumvi saa moja kabla, maji yapate kurudi ndani pamoja na chumvi. Au itie papo hapo unapoiweka kikaangoni. Kwa vyo vyote, ipanguse kwanza ikauke. Samli na iwe moto, wala usijaze vipande vikabanana, maana kikaango kitapoa.

Pilipili manga iliyosagwa na kitunguu saumu huungua upesi na kuwa vichungu. Vitie mwishoni, moto ukiisha kupunguzwa.

Hivyo ndivyo tutakavyoiheshimu kazi ya wale waliokesha penye vyungu vya Uvinza: si kwa kutia chumvi nyingi, bali kwa kuitia kwa wakati wake.