Majina Katika Daftari la Helpston

Afuatiliaye ukoo wa bwana mwenye mashamba katika Uingereza ya karne ya 19 hapati taabu kubwa: ziko hati za ardhi, ziko wasia, liko kaburi lililochongwa maandishi. Mkaazi wa kijumba cha kupanga, aliyeishi kwa ujira wa siku, aghalabu hakuacha hata kimoja katika hivyo. Aliyemwandika ni kasisi, naye alimwandika alipobatizwa, alipooa na alipozikwa. Madaftari hayo ya parokia yalianzishwa mwaka 1538 kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane.

Wapenzi wa mashairi wanalijua jina la John Clare, mshairi aliyezaliwa Julai 1793 katika kijiji cha Helpston. Ukoo wake ni mfano mzuri wa jinsi madaftari haya yanavyosema na yanavyonyamaza. Baba yake, mpura nafaka, aliitwa Parker Clare. Sisi tuliozoea "bin" tungedhani Clare ni jina la upande wa baba. Sivyo. Clare ni jina la mama, Alice Clare, binti wa karani wa kanisa la kijijini. Parker ndilo jina la baba: John Donald Parker, mwalimu wa kutangatanga kutoka Uskochi, aliyeondoka kijijini alipoambiwa kuwa binti ana mimba. Hivyo mwana akabaki na jina la mama kama ilivyokuwa desturi, lakini mama akamtanguliza baba mtoro katika jina la ubatizo, mahali ambapo hakuna awezaye kulifuta. Napenda kuamini kuwa binti wa karani alijua vyema nini hudumu katika daftari.

Miaka ile kuandikwa kwenyewe kulikuwa na bei. Baina ya 1783 na 1794 kila ubatizo, ndoa na mazishi yalitozwa ushuru wa peni tatu, isipokuwa kwa mafukara, kwa hiyo katika baadhi ya madaftari herufi moja pembeni mwa jina ndiyo habari pekee tuliyonayo juu ya umaskini wa familia. Ndoa ziliwekewa utaratibu mkali zaidi kuanzia 1754: bwana na bibi harusi na mashahidi wao walitia saini, na asiyejua kuandika alitia alama, kwa kawaida msalaba. Ann, mama yake Clare, hakujua hata herufi moja. Jina lake la ukoo huandikwa Stimson na pengine Stimpson, na mfuatiliaji asiyeziangalia namna zote mbili atampoteza.

Tarehe nazo husema zikiwekwa pamoja. Mwaka 1817 Clare alikuwa Pickworth akichoma chokaa, kazi ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, na huko ndiko alikokutana na Martha Turner. Walioana Great Casterton tarehe 16 Machi 1820, miezi miwili tu baada ya kitabu chake cha kwanza kutoka. Binti yao wa kwanza akazaliwa mwanzoni mwa Juni. Kwa kulinganisha tarehe kama hizi, parokia baada ya parokia, wanahistoria wa Cambridge wakiongozwa na E. A. Wrigley walijenga upya familia nyingi za watu ambao hakuna aliyewaandikia kitabu.

Kijumba chenyewe ni kigumu kukipata kuliko mtu. Fomu za ubatizo zilizochapishwa kuanzia 1813 ziliuliza makaazi na kazi ya baba, lakini makaazi aghalabu yakajibiwa kwa jina la kijiji tu. Sheria ya kugawa na kuzungushia ua ardhi ya Helpston ilipitishwa 1809, na ramani za ugawaji wa namna hiyo zinajali mwenye mali, si mpangaji. Sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza kuwauliza watu wa nchi nzima majina yao na kuyahifadhi, lakini kwa watu wazima umri ulitakiwa kushushwa hadi tano au kumi iliyo karibu. Siku hiyo Martha na watoto walikuwa Northborough. Mumewe alikuwa High Beach, msituni Epping, katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Alifariki Northampton mwezi Mei 1864, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya zaidi ya miaka 22 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya huko. Mwili ukarudishwa kwa gari moshi, akazikwa katika ua wa kanisa la Helpston. Fomu ya mazishi ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya jina, makaazi, tarehe, umri na saini ya kasisi. Safu ya kazi haikuwamo.