HISTORIA: Ajali ya Armagh ya 1889 na breki ya kinachovutwa

Asubuhi ya tarehe 12 Juni 1889, treni iliondoka Armagh, kaskazini mwa Ireland, kuelekea Warrenpoint, mji ulio kando ya bahari. Ilibeba watu karibu 940, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili waliokuwa wakienda kutembea pamoja na wazazi na walimu wao.

Treni ilikuwa na mabehewa 15. Karibu na kilele cha mlima, mashine ilishindwa nguvu, ikasimama. Wakubwa wa safari wakaamua kuikata treni: mashine ipande kwanza na mabehewa ya mbele, 10 ya nyuma yangoje.

Breki za treni hiyo zilitegemea mashine. Behewa likikatwa, breki yake haishiki tena. Kwa hiyo mabehewa 10 yaliyojaa watu yalibaki yakizuiliwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho, na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu.

Mashine ilipotaka kuondoka, ilirudi nyuma kidogo na kuyagusa. Mawe yakasagika, mabehewa yakaanza kuteremka. Milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Huko chini, treni nyingine ilikuwa inapanda. Watu 80 walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Jambo la kuumiza ni kwamba dawa ilikuwepo. Tangu 1872, Mmarekani George Westinghouse alikuwa na breki ya hewa inayojifunga yenyewe. Bomba lenye presha hupita treni nzima, na kila behewa lina akiba yake ya hewa. Bomba likikatika, presha inashuka, na breki za kila behewa zinakaza zenyewe. Lakini sheria haikuwalazimisha wenye treni kuitumia. Mwaka huohuo wa 1889, Bunge la Uingereza, lililotawala Ireland wakati ule, lilipitisha sheria ya kulazimisha breki za namna hiyo kwenye treni za abiria.

Fundisho hilo limefika hadi barabarani. Huko Marekani, wenye magari makubwa yaliyo kama nyumba huvuta gari dogo nyuma. Majimbo mengi yanadai kinachovutwa kiwe na breki yake kikizidi kilo 1,360 hivi. Wengine huweka mbele ya kiti cha shofere wa gari dogo kifaa kinachokanyaga breki kila gari la mbele linapopunguza mwendo. Kamba nyembamba huunganisha magari yote mawili: likichomoka, kamba inavuta kipini na breki zinashika.

Lori kubwa zenye remoroki nazo hufuata kanuni ya Westinghouse: hewa ikipotea, breki za remoroki zinakaza. Ndiyo maana shofere mwangalifu, kabla ya kuteremka mlima, hukagua kwanza mipira ya hewa inayokwenda nyuma.